Shavu la Mwanamke Mwingine

Harufu ndiyo iliyompokea. Kabla hajashuka garini, kabla hajasikia mlio hata mmoja, Ilenia alipigwa usoni na moshi wa baruti uliochanganyika na mafuta ya soseji za baa ya uwanjani. Miezi mitano alikuwa ameiota harufu hiyo. Hospitalini, mkono umefungwa kifuani kama mzigo wa mtu mwingine, alikuwa akifumba macho na kuinusa kwa mawazo tu mpaka usingizi ukamchukua. Leo ilimtia kichefuchefu, naye akajilaumu, maana alidhani ni woga.

"Umekuwa mweupe kama jibini," alisema mama yake, Nazzarena, bila kuzima injini. "Turudi nyumbani. Nimeacha maharage jikoni."

"Mama, nimekuja kupiga sahani. Sikuja kuzikwa."

"Una bamba la chuma begani na skrubu saba. Daktari alizihesabu mbele yangu. Hilo dude la bunduki likikupiga teke, mimi nitamwambia nini fundi wa shela? Harusi ni Juni, Ilenia. Bibi harusi akienda madhabahuni bega limepinda, watu watatazama bega."

"Acha watazame."

Nazzarena alisonya, akazima injini. Tangu mumewe Bruno afariki, miaka sita sasa, hakuwahi kuigusa wala kuitazama bunduki aliyomwachia binti yao. Aliichukia kama mke mwenza.

Ajali yenyewe ilitokea Novemba, wakati wa kuvuna zeituni. Ngazi iliteleza katika shamba la kina Fratini, Ilenia akaanguka na mtulinga ukakatika vipande viwili. Loris Fratini ndiye mchumba wake, na uwanja huu wa kulenga kwa bunduki sahani za udongo zinazorushwa hewani, hapa kilimani Colle Ginestra, ni mali ya baba yake Loris. Bunduki ilibaki katika kabati la chuma la Loris kipindi chote cha ugonjwa, na kila Ilenia alipoiulizia aliambiwa imelala salama, asijali, apone kwanza.

Leo alitaka kujua jambo moja tu: kama bado ni yeye. Akishindwa, mabishano ya miezi miwili yangekwisha kama Loris alivyotaka. Bunduki ya baba ingeuzwa, naye angeingia nyuma ya kaunta ya baa na kukata paja la nguruwe vipande vyembamba mpaka azeeke.

Mapaja yenyewe yalikuwa yananing'inia kwenye boriti ya baa, matatu, kila moja na utepe mwekundu. Hizo ndizo zawadi za Jumapili. Nzi wawili walikuwa wakitembea juu ya paja la mshindi wa kwanza, hawana haraka.

"Malaika wangu." Loris alitoka nyuma ya kaunta akiramba vidole. Alimbusu shavuni, na busu likaacha mafuta. "Nimekuwekea kiti kizuri kivulini. Utatuandikia alama, mwandiko wako mzuri."

"Nimekuja kupiga, Loris."

"Kupiga nini, kipenzi changu? Juzi nilikufunga kamba za viatu."

Wanaume wawili mezani walicheka kwa heshima ya mwenye baa. Ilenia alijifuta shavu kwa mkono wa koti. Siku hizi alikuwa akijifuta kila akibusiwa na Loris, na kila mara alijiambia ni uchovu wa dawa.

"Nipe bunduki yangu."

Loris alisita. Alitazama upande, mahali alipokaa Katiuscia, msichana wa saluni ya mjini aliyeanza kuja uwanjani wakati wa baridi. Alikuwa mfupi, mashavu ya kujaa, na marashi ya vanila yaliyotangulia hatua tatu mbele yake. Katiuscia aliinamia kikombe chake.

"Chukua ya klabu, ni nyepesi," alisema Loris.

"Nipe yangu, Loris."

"Haya. Lakini usinilaumu. Baada ya upasuaji mwili hubadilika. Utaona haikukai tena."

Ilikuwa bunduki ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, kitako chake cha mti wa jozi. Bruno aliiagiza binti yake alipotimiza miaka kumi na nane, na kitako kilichongwa na seremala mzee wa vitako kwa vipimo vya shingo yake, mkono wake na shavu lake. Mwishoni kabisa, kwa msumari wa moto, Bruno alichoma picha ya mbayuwayu. Hakuwa na mkono wa kuchora. Mbayuwayu akatoka nzi. Tangu siku hiyo nyumba nzima walimwita nzi wa baba.

Baba alimfundisha jaribio moja. Fumba macho, inua bunduki, weka shavu, fungua macho. Kama kitako ni chako, shanga ndogo ya mwisho wa mtutu itakuwa imekaa mbele ya jicho lako yenyewe, bila kuitafuta.

Ilenia alifumba macho, akainua. Bega lilinung'unika, likatii. Alipofungua hakuona shanga. Aliona chuma cha nyuma ya mtutu, kama ukuta mtupu, na kidole gumba kimemgusa pua.

"Nilikwambia," alisema Loris kwa upole.

Walijipanga mstari watu sita, Katiuscia akiwa mmojawao na bunduki ya klabu. Ilenia alisimama kituo cha tatu. Moyo ulimpiga mpaka kwenye skrubu.

"Hop," aliita. Mashine chini ya ardhi ilisikia sauti, ikatupa sahani ya rangi ya chungwa kushoto. Alifyatua mara mbili. Sahani ilikwenda zake nzima na kuanguka majanini.

"Sifuri," alisema Goffredo, mwamuzi mzee, kwenye kipaza sauti.

Kitako kilimpiga kwenye mfupa wa shavu, gumba likampiga puani. Mara ya pili, sifuri. Mara ya tano alipata, na alijua ni bahati. Mara ya tisa pua ikaanza kutoka damu, akaifuta kwa glovu na kuendelea. Alijihisi kama mtu anayejaribu kukalia kiti ambacho mtu amekipunguza miguu gizani. Upande wa kulia Katiuscia naye alikuwa anakosa na kulalamika kwamba hii si ya kwake, hii haimkai. Mara mbili Ilenia alimfuma akiitazama ile bunduki ya jozi kama mtu aliyemkuta mgeni amevaa gauni lake.

Sahani ishirini na tano zilipokwisha, alikuwa amevunja sita. Zamani siku mbaya kwake ilikuwa ishirini na mbili.

Loris alimwekea mkono kiunoni. "Usilie, malaika. Si kosa lako. Bega limepinda, basi. Mimi nakupenda hivyo hivyo ulivyopinda. Hii tuiuze, nina mnunuzi tayari."

"Nani?"

"Mtu tu. Nenda kaoshe uso, damu imekufika kidevuni. Wateja wanakula."

Alikwenda kukaa kwenye benchi la nyuma, peke yake. Aliuchukia mwili wake siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yake. Alilichukia bega, kovu, shingo iliyokakamaa, na ladha ya damu kooni. Akatoa kitambaa, akaanza kukipangusa kitako, kwa mazoea tu, na kitambaa kikatoka na rangi.

Haikuwa damu, bali poda ya uso iliyokolea kwenye mishipa ya mti, pale hasa shavu linapolala. Ilenia hakuwahi kujipaka poda uwanjani hata siku moja. Alisogeza pua karibu. Vanila.

Mate yalimjaa mdomoni, akayatema kwenye majani. Dakika kumi nzima shavu lake lilikuwa limelala juu ya jasho la mtu mwingine. Akageuza kitako amtafute nzi wa baba, na nzi hakuwepo. Mwisho wa mti ulikuwa umefunikwa mpira mpya mweusi, na mti wenyewe ulikuwa mfupi.

Duilio Brugnoni alikuwa chini ya turubai lake, pembeni ya maegesho, na jiliwa, tupa na randa mezani. Ndiye mwana wa yule seremala mzee, na siku za mashindano watu humletea vitako kurekebishwa. Alikuwa mrefu, mkimya, na vumbi la mbao likikaa kwenye kope zake. Ilenia aliziona kope hizo tangu zamani, kabla ya Loris, na hakuwahi kumwambia mtu. Mama alishasema: fundi wa mbao mwenye chumba kimoja na mbwa hatachukua binti yangu.

Duilio alimwona Ilenia anakuja, akaweka tupa chini.

"Duilio, nani amekata kitako changu?"

"Mimi." Jibu lilitoka moja kwa moja, kisha uso wake ukabadilika. "Si uliagiza wewe? Loris alikileta Januari. Alisema bega limeshuka baada ya upasuaji, unataka kifupi, na mgongo wake uchongwe upya. Alikuja na vipimo kwenye karatasi."

"Mwandiko wangu?"

"Hapana. Nilidhani mkono umefungwa, kakuandikia yeye."

"Na wewe ukakata. Mwenyewe sipo. Baba yako alikuwa anasemaje?"

Duilio aliinama. Kila mtu aliyewahi kuingia katika karakana ile aliyajua maneno ya mzee. "Usikate mti kabla hujaiona shingo."

"Sasa?"

"Nikikupima lazima nikushike shavu, Ilenia. Nikushike kidevu, nikuambie fumba macho. Na wewe ulishavishwa pete ya mtu. Sikujiamini. Ile karatasi ilinifaa, nikaishukuru."

Kitu cha moto kilimpanda Ilenia kifuani, na juu yake kinyaa kikaja kukifunika. Miaka yote alikuwa akilingoja neno kama hilo, na limekuja leo, siku ambayo kila kitu kinanuka.

"Kwa hiyo mmoja ameniibia, na mwingine kafumba macho asione haya," alisema. "Sentimita mbili mmenikata nyinyi wawili, na hata mmoja hakuinua simu."

"Ni kweli."

Hakujitetea. Kwa siku ile, hilo ndilo jambo la kwanza ambalo halikumgeuza tumbo.

"Vile vipimo vilikuwa vya mtu wa namna gani?"

"Mfupi," alisema Duilio polepole, naye akianza kuelewa. "Mkono mfupi. Shingo fupi. Shavu la kujaa."

Wote wawili waligeuka kutazama baa. Katiuscia alikuwa anang'ata mkate.

Ilenia alitembea mpaka mezani. Aliifungua bunduki, akamwonyesha Goffredo mitutu yote miwili. "Iko tupu, mzee."

"Nimeona, mwanangu."

"Katiuscia, dada, nisaidie kidogo. Simama hapa uelekee uwanjani. Fumba macho, uinue, uweke shavu."

Katiuscia alimtazama Loris.

"Usimtazame yeye. Ishike."

Msichana alijifuta vidole, akaipokea. Mikono yake iliijua. Alifumba macho, akainua kwa mwendo mmoja laini, shavu likakaa juu ya jozi kama mtoto juu ya mto wake.

"Fungua macho. Unaona nini?"

"Shanga," alisema Katiuscia kwa sauti ya chini.

"Iko katikati?"

"Iko katikati."

Goffredo alivua kofia. Colle Ginestra mtu aweza kudanganya umri wake, mvinyo wake, hata idadi ya zeituni zake, na wenziwe wakamfumbia macho. Lakini pale hakuna asiyejua kwamba kitako hakikai shavuni kwa bahati. Kilichongwa kwa ajili ya shavu lile, na mtu fulani alikaa karibu sana na shavu lile ili kulipima.

"Aliniambia umeacha," Katiuscia alianza kulia. "Alisema umemwambia hutaki hata kuiona. Alisema na nyinyi wawili mmekwisha, bado kutangaza tu."

Ilenia alimnyang'anya bunduki taratibu. Hakumchukia. Alihisi tu kama mtu aliyekunywa nusu ya kikombe ndipo akaona alama ya midomo upande wa pili.

"Malaika wangu," Loris alikuja akitabasamu kwa ajili ya meza, "usitufanyie sinema. Kabatini ilikuwa imelala tu. Kitu kikikaa bila kutumiwa kinashika kutu."

"Unasema bunduki au mimi?"

Mtu alicheka nyuma, akajifanya anakohoa.

"Ni mbao, Ilenia. Tutanunua nyingine. Huyu mtoto nilikuwa namfundisha. Wewe ulikuwa kitandani, mimi ni binadamu."

"Nilipokosa sahani kumi na tisa uliniambia nini?"

"Sikumbuki."

"Nakumbuka mimi. Uliniambia bega langu limepinda. Ulisimama pale, unajua ulichofanya, ukanitazama natoka damu puani, ukaniambia ni mwili wangu. Ungesema una mwanamke, ningelia, ningevunja sahani za jikoni, yangekwisha. Lakini wewe umeniacha nijichukie mwenyewe ili usikamatwe. Unanitia kinyaa, Loris. Sina neno jingine. Ukinigusa najifuta, na nilidhani ni dawa."

Loris alinyoosha mkono, naye akarudi nyuma hatua moja. Hapo Nazzarena akaingia katikati, mkoba kifuani.

"Basi, basi. Keti chini, Ilenia. Mambo haya huzungumzwa nyumbani. Wanaume ndivyo walivyo, wanachezea cha mwenzao kisha wanatulia. Shela limeshakatwa. Peremende za wageni zimeagizwa. Utamwambia nini padri?"

"Mama, tazama kitako."

"Mimi siitazami hiyo takataka."

"Mtafute nzi."

Nazzarena aliushusha mkoba kifuani. Akafungua mkoba, akatoa miwani. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alikigusa kile kitako. Alipitisha kidole mpaka kwenye mpira mweusi, akarudi, akapitisha tena, kama anayetafuta kitasa cha mlango uliokuwa pale jana.

"Nzi wa Bruno yuko wapi?"

Loris alianza kukusanya vikombe mezani.

"Nakuuliza wewe, Loris. Mume wangu alikaa jikoni kwangu na msumari wa moto, akaunguza meza yangu na kidole chake. Yuko wapi?"

"Mama mkwe, ilibidi kupunguza kidogo..."

"Usiniite mkwe."

Alimshika bintiye mkono wa kushoto. Pete haikutoka, kidole kilikuwa kimevimba. Nazzarena alitazama huku na huku, akaona sahani ya soseji ya Loris, mafuta yake yameganda pembeni meupe. Akachovya kidole cha Ilenia humo bila kuomba ruhusa, akazungusha, akavuta. Pete ilitoka, ikadumbukia katikati ya mafuta.

"Hiyo hapo," alisema. "La kuvunda halina ubani, lakini wewe ioshe hivyo hivyo kabla hujamvisha mwingine."

Ilenia alikwenda bombani. Alijisugua kidole, kisha shavu, kwa sabuni ya kufulia, mpaka ngozi ikawaka. Alisugua tena. Mama alisimama kando na kitambaa, hakusema habari za maharage.

Aliporudi chini ya turubai, Duilio alikuwa amesimama vilevile alivyomwacha.

"Sikuja kwa lile neno ulilosema," Ilenia alimwambia. "Usidanganyike. Bado tumbo limechafuka, na nusu ya uchafu ni wako. Nimekuja kwa sentimita zangu mbili."

Duilio aliinama, akavuta sanduku la vifaa, akatoa kitu kilichofungwa katika kitambaa safi. Kilikuwa kipande cha jozi, kinene kama vidole viwili. Juu yake nzi wa baba alikuwa amekaa na mabawa yake yaliyopinda.

"Vipande vingine huwa nawashia moto," alisema. "Hiki sikuweza."

Nazzarena alijifuta miwani, ingawa haikuwa na uchafu.

"Kitarudi?" aliuliza Ilenia.

"Kitarudi. Poda nitaikwangua yote, na mgongo nitaujaza upya. Ila sitakudanganya, mshono utaonekana."

Ilenia alifungua vifungo viwili vya juu vya koti, akavuta kola kando. Kovu lilitoka begani mpaka karibu na shingo, bado jekundu, na alama za nyuzi pande zote mbili. Loris alikuwa akimwambia alifunike.

"Huu nao unaonekana," alisema.

Duilio hakugeuza macho. Alilitazama kovu kwa utulivu, kama anavyotazama mti kabla hajauwekea kipimo.

"Basi nikupime," alisema. "Upya, tangu mwanzo."

"Bila karatasi?"

"Bila karatasi."

Nazzarena alivuta kiti cha kukunja, akaketi, akaweka mkoba mapajani. "Pima," alimwambia Duilio. "Na mimi niko hapa, naona."

Ilenia aliinua bunduki tupu, akafumba macho. Alisikia hatua moja, kisha mkono ukamshika kidevu, ukatulia shavuni pale alipokuwa amesugua. Ulinukia chuma cha tupa na vumbi la jozi. Alisimama vilevile, macho yamefumbwa, akingoja kichefuchefu kije.

Hakikuja.